Fundo la Mkono wa Kushoto

Jumanne saa moja jioni, Jabez Privett aligundua kwamba kuna mtu mwingine anayemfunga mkewe kamba za koseti.

Mkewe, Lavinia, alikuwa amempa mgongo pale jikoni, gauni limeshushwa hadi kiunoni, anangoja kufunguliwa. Hiyo ilikuwa kazi ya Jabez. Koseti za siku hizi, yale mavazi ya kubana kiuno, zina vishikizo vya chuma kwa mbele, mwanamke anajifungulia mwenyewe, lakini vya Lavinia vilivunjika mwaka juzi, na kwa kuwa hela ya koseti mpya haikuwapo, waliishona mbele moja kwa moja. Tangu hapo hapakuwa na pa kuingilia wala pa kutokea ila mgongoni, na mgongo wa mtu unataka mkono wa mwenzake. Asubuhi Jabez anakaza, jioni Jabez analegeza. Mume mwingine angeona kero. Jabez aliona raha, tena hata siku zilipopatikana hela za kutengenezea vile vishikizo, alizitafutia matumizi mengine.

Na Jabez hakuwa mtu wa kudanganywa kwa kamba. Alikuwa fundi wa kamba za meli katika gudi la jeshi la maji hapo Portsmouth, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Ukimpa fundo alitazame, anakwambia aliyelifunga alijifunzia wapi, kwenye manowari au meli ya biashara, alikuwa na haraka au hana, amelewa au mzima. Wenzake walikuwa wakiwekeana dau la bia juu ya macho yake, na waliomkatalia walilipa.

Asubuhi ile alikuwa amefunga fundo lake la siku zote, bapa, ncha zimefichwa chini ya kamba. Sasa mbele yake palikuwa na fundo dogo la kitanzi, safi, la mtu aliyelelewa na manowari. Tena lilikuwa limezunguka kinyume. Aliyelifunga alitumia mkono wa kushoto.

"Mbona umesimama?" Lavinia akauliza bila kugeuka. "Nifungue basi, nimechoka."

"Kazini kulikuwaje?"

"Kazi ni kazi. Mashine zinapiga kelele, msimamizi anapiga kelele. Kitu gani kipya?"

"Kamba zako kuna mtu amezigusa."

Lavinia akalivuta gauni kiunoni, akalinyoosha.

"Zililegea," akasema. "Msichana mwenzangu akanifungia."

"Msichana gani?"

"Aa, Jabez! Wasichana mia na ishirini wako pale, nikutajie yupi? Fungua bwana, mbavu zinaniuma."

Akafungua. Koseti ikalegea, Lavinia akashusha pumzi ndefu, akajikuna ubavuni ambako vijiti vya chuma huacha alama nyekundu. Jabez akaishika ile koseti mikononi, bado ina joto lake. Ilikuwa na harufu kali kidogo, kama ya kitu kilichochacha. Akaipeleka puani, akatafuta harufu ya tumbaku. Hakuipata, na hilo halikumtuliza hata kidogo. Mwanaume asiyevuta tumbaku ni mwanaume mwenye hila.

Pembeni ya moto mama yake Jabez, Bibi Keturah, alikuwa amempakata mjukuu wake na chupa ya maziwa ya ng'ombe. Mtoto alikuwa na miezi mitano, jina lake Wilfred, na mikono yake ilikuwa myembamba kama vijiti vya kuwashia moto. Alinyonya kidogo, akatapika kidogo, akalia kidogo. Hata kulia alikuwa analia kwa kubania.

"Huyu leo kakataa tena," Keturah akasema.

"Atakula," Lavinia akajibu. Hakumtazama mtoto. Alikwenda kunawa mikono, akainawa muda mrefu.

"Zamani," Keturah akaendelea, maana akianza hana breki, "koseti zilikuwa koseti. Mimi nimeanza kuzishona nina miaka kumi na mmoja. Mbavu zake zilikuwa mfupa wa nyangumi kweli, tunauchemsha, tunauchana kwa kisu, mkono mzima unanuka samaki. Ya mamangu ilikuwa na kipande cha mti hapa mbele kifuani, akiinama kuokota kitu kinamchoma kidevu. Siku hizi chuma kitupu. Wanazipaka wanga, wanazivisha midoli ya shaba, wanapitisha mvuke ndani, zinatoka zote kifua kimoja, kiuno kimoja, utadhani wanawake wa dunia nzima wamezaliwa na mama mmoja."

"Mama, nani kakuuliza?" Jabez akasema.

"Hakuna. Ndiyo nasema, siku hizi hakuna anayeniuliza kitu."

* * *

Jumatano asubuhi Jabez alifunga fundo la mtego. Alipitisha uzi mwembamba mweusi katikati ya kamba, uzi ambao mtu hawezi kufungua fundo bila kuukata.

"Unanikaza mno," Lavinia akalalamika, ameshika ukingo wa meza.

"Mwanamke aliyekazwa vizuri anasimama vizuri. Si ndiyo mnayowaambia wateja?"

"Wateja wetu hawasimami, Jabez. Wanakaa. Sisi ndio tunaosimama."

Hilo lilikuwa kweli. Mtaa mzima wao ulikuwa wa wake wa mabaharia na wa vibarua wa gudi, na karibu kila mmoja alishona koseti, kiwandani au nyumbani. Wanawake wa Southsea, mtaa wa matajiri ng'ambo ya uwanja, walizivaa ili kiuno kiingie kwenye viganja viwili. Wa mtaa huu walizivaa ili mgongo usivunjike kwenye mashine kuanzia alfajiri mpaka jioni, na mimba ifichike miezi miwili zaidi kabla ya msimamizi kuiona. Tena mwanamke aliyetoka nje bila koseti, majirani walisema amejiachia, na maana yake kila mtu aliijua.

Jioni ile uzi mweusi haukuwapo. Fundo lilikuwa lilelile dogo, la kushoto. Alhamisi vilevile.

Jabez aliisukuma sahani yake pembeni. Alimtazama Lavinia akikata mkate na kuupaka mafuta ya nyama, akaona mashavu yake yamejaa kidogo kuliko mwezi uliopita. Nani anamlisha? Yeye Jabez tangu Krismasi amepunguziwa kazi, siku tatu kwa wiki, na kwenye nyumba hii hakuna aliyenenepa. Ndoa yake yote, miaka sita, na mwanawe, na kitanda alichokichonga mwenyewe, vyote aliviona vimening'inia kwenye kile kitanzi kidogo, mtu akivuta ncha vinakwisha.

Akamfikiria kila mwanaume anayemjua, akawachuja kwa mikono. Wa kulia wakaanguka wote. Akabaki mmoja.

* * *

Caleb Stares alikuwa rafiki yake tangu utoto. Alitumikia manowari miaka minane kabla ya kuja ghalani kwenye kamba, na alikula, alipiga na kunywa kwa mkono wa kushoto. Siku ya harusi alicheza na Lavinia ngoma tatu mfululizo. Zamani Jabez alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa kucheka.

Ijumaa asubuhi, wanaume kumi na wawili wako ghalani, Jabez akamtupia kamba.

"Nifungie kitanzi."

"Kitanzi gani?"

"Kile chenu cha manowari. Kidogo."

Caleb akafunga huku anaongea na mwingine, wala hakutazama vidole vyake. Jabez akalichukua lile fundo, akaligeuza kwenye mwanga. Limezunguka kinyume. Damu ikampanda.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi nini?"

"Mke wangu unamfunga koseti kila siku, unaniuliza nini?"

Ghala zima likageuka. Halafu mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akapasuka kucheka, na kicheko kikapita juu ya roli za kamba kama mbwa aliyefunguliwa. Jabez akamrukia Caleb, akampiga ngumi ya taya. Caleb alikuwa mkubwa kuliko yeye. Alimkamata mikono yote miwili, akamkalisha juu ya rundo la kamba kama mtu anayemkalisha mtoto.

"Sikiliza, mjinga wewe," akasema, anapangusa damu mdomoni. "Mimi na wewe tunaingia geti lile pamoja saa kumi na mbili asubuhi. Tunatoka pamoja. Siku usizofanya kazi wewe, mimi sifanyi pia, na unanikuta kwenye bia. Ningemfunga mkeo saa ngapi? Nimtume nani apeleke mikono yangu?"

"Mlete Lavinia hapa tufanye majaribio!" mmoja akapiga kelele. "Kila mtu afunge, Jabez asome!"

"Jabez, na ya mke wangu nisomee, anajifunga mwenyewe, nina wasiwasi!"

Walicheka mpaka machozi. Jabez alikaa pale, masikio yanawaka, akatamani sakafu impokee. Caleb peke yake hakucheka. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini:

"Unasema anafungwa kazini?"

"Kiwandani. Kuna mtu kiwandani."

"Jabez. Dada yangu yuko kiwanda kilekile, meza ya kutoboa vitundu vya kamba. Lavinia hajarudi pale tangu ajifungue. Tulidhani unajua."

Msimamizi alikuwa ameshafika mlangoni. Aliuliza nani amepiga nani, akajibiwa na damu ya Caleb, akamwambia Jabez aende nyumbani na arudi Jumatatu, asipojirekebisha asirudi kabisa. Siku tatu za wiki zikawa mbili na nusu. Jabez hata hakusikia. Alikuwa anajiuliza, kama mkewe haendi kiwandani, kila asubuhi yeye anamkaza kwa ajili ya nani?

* * *

Alimkuta mama yake anamtembeza Wilfred jikoni. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Alikuwa amekodoa macho tu, kichwa kimelala kwenye mkono wa bibi yake, na chupa iko mezani imejaa vilevile.

"Lavinia yuko wapi?"

"Mbona umerudi saa hizi?"

"Mama, nimekuuliza. Mke wangu anakwenda wapi?"

Keturah aliendelea kutembea, kwenda na kurudi, hatua nne nne, maana jiko halikuwa na zaidi.

"Nimeapishwa," akasema mwishowe.

"Unamjua? Unamjua huyo mwanaume, na umekaa hapa unakunywa chai yangu?"

Keturah alisimama, akamtazama mwanawe kwa muda. Halafu akalivua shali lake, akamfunika Wilfred, akamweka mikononi mwa baba yake.

"Southsea," akasema. "Barabara ya nyuma ya kanisa la matofali, nyumba ya saba, yenye kinyago cha mwanamke, kile cha kwenye pua ya meli, bustanini. Usipite mbele, pita mlango wa jikoni. Mpeleke mtoto kwa mamake. Mengine mtaongea wenyewe."

"Nimbebe na mtoto?"

"Mbebe. Mimi nimechoka kunyamaza."

Jabez akaona ni wazo la busara. Amwingie huyo bwana na mtoto mkononi, ili amwone mtoto aliyemdhulumu. Alitoka kwa hatua ndefu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno: atakayomwambia yule mwanaume, atakayomwambia Lavinia, kwamba vitu vyake atavikuta kwenye ngazi za nje, na mtoto atabaki. Upepo wa Februari ulitoka baharini ukawapiga usoni. Mara mbili tatu aliinua shali kumtazama Wilfred. Hakuwa amewahi kumbeba mwendo mrefu hivi. Alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, akadhani ni kwa sababu yeye mwenyewe ana hasira.

* * *

Mlango wa jikoni ulifunguliwa na mzee mrefu, mvi tupu, koti limefungwa vifungo hadi shingoni. Alifungua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu.

Jabez akautazama ule mkono.

"Wewe."

"Mimi Hask," mzee akasema. "Nahodha wa mashua ya Kapteni Hallewell, kwenye manowari, miaka ishirini na tatu. Wewe nani?"

"Mimi mume wa Lavinia Privett."

"Oho," mzee akasema. Akamtazama mtoto kwenye shali, akasogea pembeni.

Jikoni mlikuwa na moto mkubwa wa makaa, joto la kumlegeza mtu. Mpishi alikuwa anamenya viazi, akaacha. Kwenye kiti cha chini karibu na moto alikaa Lavinia. Koseti yake ilikuwa imetundikwa nyuma ya kiti, kamba zinaning'inia, na yeye shimizi imefunguliwa mbele, na kifuani mwake alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, mweupe, mnene, mashavu mekundu, ananyonya huku ameshikilia kidole chake kimoja.

Hapakuwa na mtu mwingine. Jabez alitazama hata nyuma ya mlango.

"Jabez," Lavinia akasema. Alimwona Wilfred, uso ukamgeuka rangi. "Ana nini? Anaumwa?"

"Uliniambia maziwa yamekauka."

"Mpe nimwone."

"Uliniambia yamekauka! Miezi miwili! Uliniambia uko kiwandani!"

"Ningekwambia nini?" Lavinia hakupandisha sauti, asimshtue anayenyonya. "Mke wa jirani yetu Purkiss alipochukua kazi kama hii, ya kunyonyesha, ulisema nini mezani petu? Ulisema mwanamke anayeuza maziwa ya mwanawe atauza na vingine. Ulisema angekuwa wako angelala nje. Nilikuwepo, nilikuwa nakumiminia chai."

"Kwa hiyo ukaona ufanye kwa siri."

"Niliona kodi ya nyumba. Niliona siku tatu zako. Kiwandani walishaijaza nafasi yangu wiki ileile niliyojifungua, nilikwenda kuwabembeleza, wakanicheka. Hapa wanalipa mara mbili ya kiwanda. Walitaka nilale humuhumu, nikakataa kwa ajili yako. Usiku wanampa maziwa ya punda." Akavuta pumzi. "Mamake alikufa, Jabez. Siku ileile aliyomzaa."

Jabez alisikia yote hayo, na aibu ilikuwa inamjia, lakini wivu ulikuwa umetembea naye kutoka nyumbani na haukukubali kurudi mikono mitupu.

"Na huyu?" akamwonyesha mzee. "Huyu anakushika mgongo kila jioni?"

"Nina miaka sabini na mmoja, kijana," Hask akasema.

"Sikukuuliza umri!"

"Mpishi vidole vimekakamaa," Lavinia akasema, na sasa sauti ilimtetemeka kwa hasira. "Mtumishi wa ndani anatoka saa nane. Nitembee Southsea nzima mgongo wazi? Koseti ingekuwa na vishikizo mbele kama za wenzangu nisingemhitaji yeye wala wewe. Umekuwa ukisoma mgongo wangu kama gazeti. Mbele ya koseti kulikuwa na madoa ya maziwa, kila siku, yamekauka yakawa kama wanga. Hukugeuza hata mara moja ukatazama."

Jabez akaikumbuka ile harufu ya kuchacha aliyoitafutia tumbaku. Akapiga magoti mbele ya kiti, akafunua shali.

"Lavinia. Hataki chupa. Leo hakulia hata." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Una mawili. Huyo ana moja, mpe mwenzake la pili. Kuna ubaya gani?"

Lavinia alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Hapana."

Sauti ilitoka kwenye ngazi. Bibi Hallewell, mama yake Kapteni, alikuwa ameanza kushuka aliposikia kelele. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa nyeusi ya msiba, amenyooka ndani ya koseti yake kiasi kwamba alipogeuka aligeuka mwili mzima.

"Daktari alisema wazi," akasema. "Yaya wa mtoto huyu hanyonyeshi mwingine. Mwanangu yuko Malta, amenikabidhi kitu kimoja tu duniani. Mkeo alikubali, akatia sahihi."

"Mama, huyu ni wake wa kumzaa. Namwombea titi moja tu."

"Bwana Privett." Hakusema kwa ukali. Alionekana mtu asiyelala usiku. "Sisi tumelipia yote mawili."

Mpishi aliinamia viazi vyake. Mzee Hask akageukia dirisha. Lavinia alibaki amekaa, mkono umenyooka hewani, na Jabez akangoja kuuona ule mkono ukishuka.

Haukushuka. Lavinia aliingiza kidole mdomoni mwa yule mtoto mnene, akamtoa titini, akasimama, akamweka mikononi mwa Hask. Mtoto akaanza kupiga mayowe.

"Ukifanya hivyo, Privett," Bibi Hallewell akamwambia Lavinia, "usije kesho."

"Sawa, Bibi."

Akamchukua Wilfred kutoka kwa baba yake. Akakaa. Akambusu utosini, akamlaza, akamwekea titi mdomoni, nalo lilikuwa limejaa, maziwa yanadondoka yenyewe yakamlowesha kidevu. Jabez alibaki amepiga magoti, haogopi tena kodi wala Jumatatu.

Wilfred akageuza uso.

Lavinia akamrudisha taratibu. "Nyonya, baba. Nyonya, ni mimi." Mtoto akafungua mdomo, akalisukuma titi kwa ulimi, akakunja uso kama aliyepewa dawa. Akamrudisha tena. Akambadilisha upande. Akakamulia maziwa midomoni mwake, mtoto akayaacha yapite shavuni. Halafu akaanza kulia, kilio chake kile cha kubania, anatafuta kwa mikono kitu ambacho hakikuwa pale. Alikuwa anatafuta chupa.

"Mpe muda," Jabez akasema. "Hajakuzoea tu. Mpe muda."

Lavinia akamwinua kichwa, akampakata upya. Alijaribu mara ya tano na ya sita. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na upande wa pili, kwa kuwa yule mwingine alikuwa akilia mikononi mwa mzee, maziwa yalikuwa yanammwagikia mpaka kwenye sketi. Ule mwili ulikuwa umeshajua unamjibu nani.

Bibi Hallewell alishuka ngazi mbili za mwisho. Alimtazama Wilfred, mikono yake, shingo yake, akatazama pembeni haraka.

"Nitasahau kilichotokea," akasema polepole. "Kama kila mtoto atarudishwa pale alipokuwa."

Hakuna aliyesogea. Watoto wawili walikuwa wanalia jikoni. Lavinia akamtazama Jabez. Hakumwomba ruhusa, wala hakumwomba msamaha. Alikuwa anangoja kuona kama huyu aliyekuja kumfukuza ana jambo jingine la kusema.

Jabez akanyanyuka. Akamchukua mwanawe mapajani mwa mamake, akamfunga shali, akamweka begani, akampapasa mgongo mpaka kilio kikapungua. Kisha akamgeukia mzee Hask, akampa ishara kwa kidevu kwamba amrudishe yule mwingine kwa Lavinia.

"Ukimaliza tutakwenda wote nyumbani," akamwambia mkewe.

Akatoka kwa mlango wa jikoni. Nje kulikuwa na baridi, na upepo haujapungua. Alisimama kando ya ukuta, akamfunika Wilfred kwa koti lake, na akangoja mpaka mtoto wa watu ashibe.